Nani Atamshika Eliana Mkono

Gasto alikuwa anaogesha boga wakati mama mkwe wake alipoingia uani.

Tuseme ukweli, hakuna mwanamume wa Ihanja anayependa kukutwa hivyo, na kukutwa na mama mkwe ndiyo balaa lenyewe. Alikuwa amejifunga kanga ya mkewe kifuani ili asilowane, amepiga magoti mbele ya beseni la bluu. Mkono wa kushoto ulishika shingo ya boga, maana alichagua makusudi lile lenye shingo. Mkono wa kulia ulilimwagia maji ya uvuguvugu taratibu, na mdomo wake, Mungu amsaidie, ulikuwa unaimba.

Hakuwa na kichaa. Ile ilikuwa kazi ya nyumbani. Kila Jumamosi kituo cha afya kilikuwa na darasa la akina baba watarajiwa, na Sista Asnath, muuguzi mnene asiyejua kunong'ona, ndiye aliyewafundisha. Gasto alianza kwenda kwa sababu mjamzito aliyefuatana na mumewe hakai foleni, na Gasto foleni haipendi kabisa. Akaendelea kwenda kwa sababu siku aliyosikia moyo wa mtoto unadunda tumboni mwa mkewe Eliana, machozi yalimtoka mbele za watu. Alisingizia vumbi la alizeti anazokamua, lakini siku hiyo hakuwa amegusa alizeti hata punje moja.

"Hodi hapa," sauti ilisema nyuma yake.

Gasto aliijua sauti ile. Kwa desturi ya kwao, mkwe wa kiume akimwona mama mkwe anapisha. Hakai naye meza moja, haingii chumba alichokaa, na akiwa na neno la kumwambia analipitisha kwa mke. Kwa hiyo alitakiwa ainuke upesi, apotelee nyuma ya nyumba. Lakini Sista Asnath alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba mtoto akiwa majini haachwi, hata nyumba ikiungua. Gasto akabaki pale pale, mkono shingoni kwa boga, uso ameugeuzia ukutani.

"Shikamoo, mama," aliuambia ukuta.

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, mama. Karibu. Utanisamehe, siwezi kuinuka."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mtoto yumo kwenye maji."

Mama mkwe, Mama Damari, alisogea akachungulia beseni. Alikuwa ametoka Mgori alfajiri, amebadilisha gari Singida mjini, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na hakutegemea kukutana na jambo la namna hii. Aliliangalia boga, akaiangalia kanga kifuani kwa mkwe wake, akarudi hatua moja.

"Eliana!" aliita. "Eliana, njoo huku! Mumeo ana nini?"

Eliana alitokea mlangoni, tumbo la miezi minane limemtangulia. Alipoona yale mambo alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Gasto aligeuza macho kidogo tu, akamwona mkewe anavyocheka, kichwa nyuma, vishimo mashavuni, na aibu yote ikamtoka. Angeliogesha boga lile mchana kutwa, mradi Eliana acheke vile. Macho yao yakakutana. Kisha Eliana akanyamaza ghafla, akatazama chini, akampokea mama yake mzigo.

Gasto alikiona kile kimya. Akalifuta boga kwa taulo, makwapani na shingoni kama alivyofundishwa, huku akijiuliza kuna nini.

Jibu lilikuja baada ya chai. Mama Damari alikaa sebuleni, Gasto akakaa nje kwenye benchi, mgongo ukutani, kando ya mlango uliokuwa wazi. Eliana alikaa katikati, kizingitini, ili maneno yapite kwake. Kila mtu alimsikia kila mtu, lakini desturi ni desturi.

"Mwambie mumeo nimekuja kukuchukua," Mama Damari alisema.

"Mama anasema..."

"Nimesikia," Gasto alisema. "Mwambie mama, kumchukua kumpeleka wapi?"

"Mwambie, nyumbani, Mgori. Mimba ya kwanza mtu anajifungulia kwa mama yake. Mimi nilizaliwa hivyo, wewe ulizaliwa hivyo, na yeye mwenyewe alizaliwa hivyo. Mume analetewa habari, analeta mbuzi, anamwona mtoto kitovu kikishadondoka."

"Mwambie mama mbuzi nitaleta. Akitaka wawili nitaleta wawili. Lakini siku yenyewe nataka niwepo."

"Awepo wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya chumba, mama," Gasto alisema, na kwa haraka alisahau kumpitia Eliana. "Kituo chetu kinaruhusu. Vitanda vina mapazia siku hizi. Nikae pale kwenye kichwa chake, nimshike mkono, nimkande kiuno, nimpe maji akiona kiu."

Kikombe kiligonga sahani sebuleni. Mama Damari alihamia Kinyaturu, lugha anayotumia akiwa hana mchezo, akasema maneno ambayo Eliana hakuyapeleka nje wala hayakuhitaji kupelekwa. Kisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Mwambie mumeo hiyo ni shughuli ya wanawake. Mwanaume anatafuta nini mle?"

"Namtafuta mke wangu," Gasto alisema.

Eliana aliinamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinafumua uzi wa pindo la kanga.

"Basi amuulize huyo mke wake," Mama Damari alisema polepole, na ukali ulikuwa umepungua. "Amuulize ni nani aliyenipigia simu akanililia nije."

Upepo wa Juni ulipita uani ukalibamiza bati la jiko. Gasto aliinuka kwenye benchi. Alisimama mbele ya kizingiti, akimtazama Eliana kutoka juu, akisubiri akanushe.

"Eli?"

Eliana hakukanusha.

"Wewe ndo ulimwita?"

"Gasto, ngoja nikwambie..."

Hakungoja. Aliliacha benchi akaenda kwenye banda la mashine, hatua chache tu nyuma ya nyumba, alikokamulia watu alizeti zao. Miezi yote ile amekaa kwenye darasa na wanaume wenzake, wanachekwa na wapita njia, wengine wanawaita wakunga. Amejifunza kukunja nepi. Amejifunza dalili za hatari zote, ameongea na mwenye gari wa kuwapeleka kituoni, kijiji kizima kinajua. Kumbe mwenzake alikuwa anatafuta njia ya kumkimbia.

Eliana alimfuata, mkono kiunoni, anapumua kwa shida. Alimkuta amewasha mashine bila kutia alizeti.

"Zima hiyo," alisema.

"Nina kazi."

"Unakamua upepo? Zima tuongee."

Gasto akazima. Banda likanyamaza, harufu ya mafuta mapya ikabaki. Eliana alikaa juu ya gunia, akajifuta jasho.

"Hutaki niwepo," Gasto alisema. "Ungeniambia tu. Mimi ningeelewa."

"Usingeelewa. Ungenuna kama unavyonuna sasa."

"Nimenuna kwa sababu umemwambia mama kabla yangu! Mimi ni mtu baki?"

"Wewe sio mtu baki. Ndo shida yenyewe."

"Sikuelewi, Eli."

Eliana alitazama mikono yake. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Loyce, yule rafiki yangu wa Issuna, mume wake aliingia naye siku ya kujifungua. Alimshika mkono vizuri tu, hakuwa na shida. Lakini tangu siku hiyo, Gasto, hamgusi. Anamwita mama nanii, anamletea matumizi, usiku anageukia ukuta. Loyce anasema akimwangalia anaona bado anaangalia yale. Mimi nikasema hapana. Nikapige kelele huko Mgori, nijisaidie mbele za mama yangu, nichanike, nishonwe, wewe usione. Unikute nimeoga, nimesuka, nimekaa na mtoto wako. Nataka uendelee kuniangalia vile."

"Vile vipi?"

"Unajua."

"Sijui. Sema."

"Vile unavyoniangaliaga." Machozi yalimwanza. "Kama ile siku mnadani, ulivyonunua beseni zima la vitunguu vyangu, halafu ukarudi kununua lingine, na ulikuwa unaishi peke yako."

Gasto alitaka kubaki na hasira, alijitahidi kweli. Lakini kicheko kilimtoka puani.

"Vilioza vile."

"Najua vilioza."

"Nilikula vitunguu mpaka wenzangu wakanihama."

Akavuta gunia, akakaa mbele yake, magoti yao yakagusana. Alimshika mikono yote miwili.

"Sikiliza, mke wangu. Wewe umetapika kwenye sufuria yangu ya ugali. Nilikuangalia. Umevimba miguu mpaka unavaa makubazi yangu. Nikakuangalia. Wiki ile ulilia kwa sababu kuku amekuangalia vibaya, mimi nikaenda kumfukuza kuku. Umeniona nimeangalia ukuta?"

"Hujaona bado. Hii ni rasharasha."

"Sijaona, kweli. Na nikwambie kitu ambacho sijakwambia." Alishusha sauti, ingawa mle bandani hapakuwa na mtu mwingine. "Mimi naogopa kuliko wewe. Siku ambayo Sista alituonyesha picha za kujifungua, Antipasi wa darasani alianguka na kiti chake. Wote tukamcheka. Mimi nikatoka nje nikajifanya napokea simu. Hakuna aliyenipigia. Nilikuwa nimeshika ukuta, miguu inatetemeka."

Eliana aliinua uso. "Wewe?"

"Mimi. Sijui kama nitaweza, Eli. Sikudanganyi. Mume wa Loyce labda na yeye aliogopa, hakuwa na wa kumwambia. Lakini nikikaa hapa nakamua alizeti za watu, nasubiri simu ilie kutoka Mgori, sijui uko hai au hupo... hapo ndipo sitaweza kabisa. Kama utaumia, uumie nakuona. Baadaye nikishindwa kulala, nitakuamsha nikwambie. Siwezi kugeukia ukuta, ukuta wetu una baridi."

Eliana alicheka na kulia kwa pamoja. Alifungua mdomo amjibu. Uso ulimbadilika, mkono ukakamata gunia, tumbo likakakamaa lote.

"Gasto."

"Nini?"

"Gasto, linabana."

Kwa muda mfupi Gasto alisahau kila kitu, picha, darasa, hata jina la Sista. Kisha mikono yake ikakumbuka. Alimwinua Eliana taratibu, akamwegemeza kifuani kwake, akaweka ngumi mbili chini ya mgongo, pale juu ya makalio, akakandamiza.

"Pumua hapa shingoni kwangu. Usibane. Ingiza kwa pua, toa polepole kama unapuliza uji. Hivyo. Hivyo hivyo, mama."

"Inauma."

"Najua. Inapita. Puliza uji."

Mama Damari alisikia binti yake analia akaja mbio, kitenge kimemlegea. Alifika mlangoni mwa banda akasimama. Mkwe wake alimwona. Hapakuwa na mahali pa kumpishia, na hata pangekuwepo, asingekwenda. Alimwangalia mama mkwe usoni, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake, akasema, "Mama, naomba maji ya kunywa," na akaendelea kukanda.

Mama Damari akaenda kuleta maji.

Eliana alikunywa. Gasto akamtembeza ndani ya banda, kati ya magunia na mashine, mkono umezunguka kiuno, akimweleza kwamba kama maumivu yatapotea akitembea basi ni ule uchungu wa uongo, mwili unajaribu tu, na kama yatarudi kwa kufuatana na kuzidi, gari litafika kabla hajamaliza kuvaa viatu. Walizunguka. Eliana alikanyaga mashudu, akalalamika miguu, akasema ana njaa. Alipoanza kulalamika kuhusu njaa, Gasto alijua hatari imepita. Tumbo lililainika.

"Limeacha," Eliana alisema.

"Limeacha?"

"Limeacha kabisa. Nataka maharage."

Gasto alikaa chini sakafuni, kwenye maganda ya alizeti, akacheka kijinga.

Mama Damari alikuwa amekaa juu ya gunia karibu na mlango, kikombe kitupu mkononi. Alipoongea alimwangalia Gasto moja kwa moja, Eliana yuko pembeni.

"Nilipokuwa namzaa huyu, nilimwita baba yake," alisema. "Nilimwita kwa jina. Wale mama zangu wakaniziba mdomo, wakasema unamwaibisha mwanaume wa watu, nyamaza. Nikanyamaza. Nikawa namwita kimoyomoyo mpaka mtoto akalia."

"Mama, hujawahi kuniambia," Eliana alisema.

"Ningekuambia nini? Nilijua yuko kilabuni anasubiri kupongezwa. Nilimkasirikia miaka, yeye hajui kosa lake. Halafu kabla hajafariki, siku moja tunapukuchua mahindi, akaniambia alikuwa nyuma ya zizi la wazazi wangu. Alikuwa amekaa pale tangu jioni, anachonga mipini ya majembe. Hatukuwa na shida ya mipini." Aligeuza kikombe mkononi. "Alinisikia, baba. Kila nilipomwita alinisikia. Na hakujua kama anaruhusiwa kuja."

Gasto aliinuka sakafuni akasimama mbele ya mama mkwe wake, mikono nyuma, mtu mzima na masharubu yake, akashindwa kuzuia machozi. Safari hii alizeti ilikuwepo kila mahali, lakini hakuisingizia.

"Mimi kulala kwenye nyumba ya mkwe siwezi," Mama Damari alisema, akijikung'uta kitenge. "Hilo msiniombe. Yule jirani yenu, mama Theresia, ana chumba?"

"Anacho, mama," Gasto alisema haraka.

"Basi nitalala kwake mpaka siku yenyewe. Mchana nitakuwa hapa, nimpikie uji huyu. Lakini ya kuingia ndani, hayo sio yangu wala sio yako, baba. Mwenye tumbo ndiye atasema."

Akaenda zake kwa mama Theresia kuulizia chumba, akawaacha.

Jioni, baada ya maharage, Eliana aliinama kwa taabu akavuta begi dogo kutoka chini ya kitanda. Gasto hakuwahi kuliona. Mlikuwa na kanga mpya tatu, soksi za mtoto, kofia ya rangi ya njano, pamba, glovu, vitu vyote alivyovinunua kimyakimya kwa ajili ya Mgori. Gasto aligusa zile soksi kwa kidole kimoja, akaogopa kuzichafua.

"Utakaa upande wa kichwa," Eliana alisema bila kumwangalia.

Gasto aliziacha zile soksi. "Upande wa kichwa."

"Ukishuka huko chini nakufukuza, mbele ya Sista."

"Sishuki."

"Na nikikutukana?"

"Sista amesema wengine wanang'ata kabisa."

"Nitakung'ata."

"Ning'ate tu."

"Na ukiona unaanguka, uanguke nje."

"Nitaangukia nje, nikiamka narudi."

Eliana alimtazama sasa, kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua kitu cha kukaa nacho maisha yake yote, na Gasto alijiona amechaguliwa upya. Hakumbusu. Alinyoosha mkono kwenye msumari wa ukutani, akatungua sweta la Gasto, lile la kijivu lenye kiwiko kilichotoboka.

"La nini hilo?" Gasto aliuliza.

"Asubuhi wodini kuna baridi," Eliana alisema.

Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya nguo za mtoto, akafunga zipu ya begi.